Waingereza Wanatupa Pole, Samahani Bado

Mkanyage Mwingereza mguu kwenye treni pale London, halafu tulia uone nani ataomba msamaha. Ni yeye. Wewe ndo umemkanyaga, kidole kinamuuma, ila yeye ndo anasema "sori". Akitaka kupita, sori. Akitaka kuuliza njia, sori. Asiposikia ulichosema, sori. Hata akitaka kulalamika kwamba chai aliyoletewa imepoa, anaanza na sori, kama vile yeye ndo kaipoza.

Sasa wadau, hawa watu wenye sori nyingi kiasi hiki, kuna sehemu moja sori imewakwama kooni. Na cha kuchekesha ni kwamba sori hiyo tumeibeba sisi, tunaitoa kwa niaba yao kila siku. Twende taratibu, nitafika huko.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kina maneno mawili. Pole maana yake naona unaumia. Samahani maana yake mimi ndo nimekuumiza. Ukijikwaa Kariakoo, mtu usiyemjua atakwambia pole, na wala hajakugusa. Mama kabeba ndoo, pole. Umerudi kazini, pole na kazi. Hakuna anayekubali kosa hapo, ni utu tu. Mwingereza hayo mawili kayasukumia kwenye neno moja. Ndo maana Mbongo akifika kule, akaona mwenzake kateleza akamwambia "sori", mwenzake anamshangaa: kwani wewe ndo umenisukuma? Hilo la pole na samahani liwekeni mfukoni, tutalihitaji mbele.

Ukiwaangalia kwa utulivu, Waingereza sio watu wa ajabu sana. Wana mambo yao tu. Nyumba zao nyingi za zamani zina sinki moja lenye bomba mbili, moja inatoa maji yanayobabua, nyingine inatoa maji ya barafu. Uchague mwenyewe, uungue au ugande. Taifa lililowaonesha wenzake treni ya mvuke limeshindwa kuchanganya maji ya kunawa. Asubuhi wanakula maharage ya kopo yenye sukari, yamemwagwa juu ya mkate uliochomwa. Aliyesoma bweni hapa Tanzania akisikia hivyo lazima acheke, maana sisi maharage tuliyakimbia, wenzetu wanayaagiza hotelini.

Halafu wana mafumbo. Mwingereza akikwambia kazi yako "sio mbaya", kakusifia sana hapo. Akikwambia wazo lako "linavutia", jua amelikataa. Watu wanaona ni unafiki, ila mtu wa pwani hawezi kushangaa. Sisi ndo tunaoulizwa habari tukiwa na homa kali na bado tunajibu "nzuri, ila naumwa". Sisi ndo wenye "si haba" na khanga za kumsema jirani bila kumtaja jina. Kwenye kuzunguka maneno tunaweza kuwapa darasa.

Kitu ninachowapendea ni kimoja: hawa jamaa hawaoni aibu kuazima. Chai yao ilitoka China, sukari ya kuwekea ililimwa na watumwa visiwa vya Caribbean, na leo ndo kinywaji cha kujitambulisha nacho. Mwaka 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alisema kabisa kwamba chicken tikka masala ndo chakula cha kweli cha taifa la Uingereza. Kuku wa masala! Hata ukoo wa kifalme ulikuwa na jina la Kijerumani mpaka 1917. Vita ya kwanza ya dunia imechanganya, wanapigana na Wajerumani, ndo wakakumbuka kujiita Windsor. Hakuna aliyewahi kusimama akasema samahani, chai hii sio yetu. Wamechukua, wamekoroga maziwa, wamekunywa.

Na sisi tumeazima kwao, hilo halina ubishi. Tunaendesha upande wa kushoto. Kule kwenye mzunguko wa barabara tunapaita kipilefti, kwa sababu kibao cha Mzungu kiliandikwa "keep left". Foleni imetokana na amri yao ya jeshi, "fall in". Neno tukalichukua vizuri, tabia yenyewe ndo tukaiacha bandarini. Na manowari ni "man-of-war", meli ya vita.

Hiyo manowari hatukuijifunza kwenye kamusi. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, meli za Waingereza zilianza kulipiga mabomu jumba la Sultani Zanzibar. Kisa? Seyyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ruhusa yao. Ilichukua kama dakika 38, na inatajwa kuwa vita fupi kuliko zote zilizoandikwa kwenye historia. Ni muda ambao hata kipindi cha kwanza cha mpira hakijaisha. Upande wa Zanzibar watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja aliumia. Meli ya Sultani iliyozamishwa siku hiyo ilikuwa inaitwa, shikeni viti, Glasgow. Yaani tuliita meli kwa jina la mji wao na bado wakaizamisha.

Wakija kwenye uchumi nako kuna kichekesho. Baada ya vita ya pili ya dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yao ikaona dawa ni kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza 1947. Matrekta yakakosekana, wakachukua vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, mvua ni za kubahatisha, na mzee yeyote wa Kigogo angewaambia hayo bure huku anachunga ng'ombe wake. Mwaka 1951 serikali ikakunja mikono, karibu paundi milioni 36 zimeshateketea. Kwa karanga.

Ishikeni na hiyo namba.

Sasa tuje kwenye sori iliyokwama. Kenya, kuanzia 1952 mpaka 1960, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau. Watu walijazwa kambini, wakapigwa, wakateswa, wengine wakahasiwa. Miaka 50 na zaidi baadaye, wazee wachache wa Kenya wakaipeleka serikali ya Uingereza mahakamani London. Kesi ikafanya mafaili yafumuke: maelfu ya nyaraka za makoloni zilikuwa zimefichwa kwenye jengo la serikali, Hanslope Park, zimekaa kimya miaka yote hiyo.

Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague akasimama bungeni. Akasema serikali inasikitika kwa dhati kwamba mateso yalitokea. Akatangaza malipo kwa wadai 5,228, jumla paundi milioni 19.9, na humo humo kuna gharama za kesi. Na akasisitiza kwamba kisheria serikali bado haikubali kubeba lawama. Rudini kwenye ile namba ya Kongwa. Karanga zilikula hela nyingi kuliko wazee walioteswa, na hapo sijagusa kabisa kwamba paundi ya 1951 ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko ya 2013.

Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles yupo Nairobi. Akasema vitendo vile vilikuwa vya kuchukiza na havina kisingizio chochote. Akazungumzia huzuni kubwa. Watu wakasubiri lile neno. Halikuja. Kesho yake tu, Novemba 1, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mbele ya vizazi vya waliouawa kwenye vita ya Majimaji. Yeye aliomba msamaha, kwa neno lenyewe. Mjerumani, ambaye hata kwenye filamu hana sifa ya upole, alitamka. Mwingereza, bingwa wa dunia wa sori, akameza mate.

Toeni mfukoni yale maneno yetu mawili mtaelewa kilichotokea. Sisi hatujawahi kuombwa samahani. Tumepewa pole. Poleni na mateso, kama vile mateso yalikuja na mvua. Wanasheria wao wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko walimu wetu wa Kiswahili: pole haina gharama, samahani inaweza kuleta wadai wengine mlangoni.

Mpaka hapo unaweza kusema hiyo ni siasa, achana nayo. Ila angalia nini kinaendelea huku kwetu.

Sisi ndo tunaoomba samahani. Kijana wa Kibongo akiandika chini ya video ya mtu wa nje, sentensi ya kwanza ni kuomba radhi kwa Kiingereza chake kibovu. Kabla hajasema chochote ameshajishusha. Dada anayeendesha duka zima kwa kichwa, madeni ya wateja 40 anayajua bila daftari, akiitwa kwenye usaili akaambiwa ajieleze kwa Kiingereza, jasho linamtoka, na anaondoka anaamini kwamba hana akili. Staa wetu akihojiwa na kituo cha nje akachapia sentensi moja, kabla hajainuka kwenye kiti klipu imeshazunguka mji mzima. Ngoma kali katoa, ukumbi kajaza, hakuna anayeongelea hayo. Tunaongelea "is" na "are". Na wanaomcheka sio Waingereza. Ni sisi, watu wa Mbagala na Tandale, tunamcheka mwenzetu kwa kukosea lugha ambayo bibi zetu wote wawili hawakuijua.

Halafu geuza upande wa pili. Mzungu akija hapa akasema "jambo" tu, tena kwa kuikunja, anapigiwa makofi. Akiongeza "asante sana" tunampa na jina la Kiswahili. Haombi radhi kwa Kiswahili chake kibovu, na wala hatutaki aombe. Tunafurahi kwamba amejaribu. Huo moyo kwa nini hatuna kwa mtoto wa kwetu?

Tulifundishwa hivyo, ndo jibu. Darasa la saba unamaliza unajua somo la sayansi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza unakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Shule niliyosoma mimi, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umpate mwenzio wa kumvisha. Watoto wa miaka 14 tunawindana kwa kosa la kuongea lugha ya taifa. Wengi tulijifunza kukaa kimya. Kuna watu walikuwa na vichwa vikali, walizimika kwa sababu walijua jibu na hawakujua namna ya kulisema.

Najua kuna mtu atasema bila ung'eng'e hakuna ajira. Kweli kabisa, sibishi. Jifunze, tena kwa bidii, ni chombo kizuri, kina hela. Mimi mwenyewe nakisaka kila siku kwenye simu. Kujifunza chombo sio tatizo. Tatizo ni kukigeuza mizani ya kupimia akili za watu. Waingereza wenyewe hawakigeuzi hivyo kikifika kwenye jambo wanalolipenda. Marcelo Bielsa alifundisha Leeds United akiwa na mkalimani pembeni. Mwaka 2020 akawarudisha Ligi Kuu baada ya miaka 16 nje, na watu wa Leeds wakamchora ukutani. Hakuna aliyemwambia akapige msasa sarufi kwanza. Walitazama kazi.

Na kuhusu thamani ya Kiswahili, hao hao Waingereza waliona mapema. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili kutoka London mwaka 1957, Tanganyika haijapata hata uhuru. Walijua wakitaka tuwasikilize lazima waongee lugha yetu. Sisi ndo bado hatujajua.

Mi sina kinyongo na Waingereza. Chai ya maziwa nakunywa, Jumamosi nakaa kwenye kibanda umiza nagombana na watu kwa ajili ya timu za miji ambayo sijawahi kukanyaga. Lakini ukichapia Kiingereza mbele za watu, malizia sentensi yako, usirudi nyuma. Na mwenzio akichapia, msikilize anasema nini. Ile sori iliyokuja mdomoni, imeze. Wenye kuidaiwa wapo, na wanaijua sana kuitamka wakikanyagwa kwenye treni.

Nawasilisha.