Tusherehekee askari wetu, lakini bibi asifichwe chumbani

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na sherehe nyumbani kwa dada yangu, hapa Buyenzi, Bujumbura. Mwanawe alikuwa amehitimu mafunzo ya awali ya kijeshi na kupewa ruhusa ya siku chache kuja kusalimia. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikaazimwa kwa majirani, pilau ikapikwa, kreti za Fanta zikapangwa. Kijana alipoingia na kombati yake, bereti kichwani na buti zinang'aa, vigelegele vilisikika hadi barabara ya pili.

Kwa desturi yetu Warundi, sherehe bila hotuba si sherehe. Mimi ndiye mjomba, tena mwalimu, kwa hiyo niliambiwa niseme kwa niaba ya ukoo. Kabla sijasimama, dada alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Kaka, usituletee mambo ya zamani. Leo ni siku ya furaha."

Nilimtii. Nilizungumza juu ya nidhamu, uzalendo na heshima kwa wakubwa. Watu wakapiga makofi, nikakaa. Lakini tangu siku hiyo roho yangu haijatulia, ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Wakati sisi tunapiga makofi, mama yetu mzazi, yaani bibi yake askari huyo, alikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Aliambiwa apumzike, presha isije ikapanda. Ukweli ni kwamba tuliogopa atafanya nini akiiona ile sare.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1972 mama alikuwa msichana wa miaka 20 huko Rumonge. Tarehe 29 Aprili waasi walishambulia kusini mwa nchi na kuua watu, wengi wao Watutsi. Baada ya hapo jeshi la wakati ule, likisaidiwa na vijana wa chama kilichotawala, liliwageukia Wahutu: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Kaka yake mama alikuwa mwalimu. Askari walimpakia kwenye lori, wakasema anakwenda kuhojiwa. Hadi leo hajarudi, wala hatujui alipolala. Mama akakimbilia Tanzania, nami nikazaliwa katika makazi ya Katumba, nikasoma huko kwa Kiswahili, nikachagua kazi ileile ya mjomba wangu ambaye sikumwona.

Ndugu msomaji, usidhani hofu hiyo ni ya upande mmoja. Katika sherehe alikuwepo jirani yetu, sajini mstaafu wa jeshi la zamani. Baada ya wanajeshi kumuua Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, ndugu zake sajini huyo waliuawa kijijini kwao kwa sababu tu ya kuwa Watutsi. Aliniambia kwamba wapiganaji wa msituni walipoingizwa jeshini miaka kumi baadaye, alilala usingizi wa sungura kwa miezi mingi. Leo alikuja na bahasha yake ya mchango na kumpa kijana wetu mkono.

Hayo hayakutokea kwa bahati. Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulisema kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi, ili kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi. Mwishoni mwa 2004 ikapatikana sheria iliyounda Jeshi la Ulinzi la Taifa, FDN, na Katiba ya 2005 ikaliweka sharti hilo la asilimia 50 ndani yake. Katiba hiyo pia ilivikataza vyombo vya ulinzi na usalama kuonyesha upendeleo wa kisiasa. Kijana wetu amevaa kombati hiyo kwa sababu watu walikufa, wengine wakazeekea ugenini, na wengine wakakaa meza moja na maadui zao.

Sasa, kama yeye mwenyewe hajui hayo, ni nani atakayemwambia? Kambini wamemfundisha kwata na silaha. Historia ya sare ndani ya nyumba yake ni kazi yetu sisi wazazi.

Najua wapo watakaosema ninafukua makaburi. Nawajibu kwamba makaburi yameshafukuliwa. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi. Kinachobaki kufukiwa ni maneno ya wazee wetu, na hao wanaondoka kila mwaka.

Wengine watasema kijana amefuata ajira tu. Sitawalaumu. Sisi tuliotoka makazi ya zamani ya Tanzania mwaka 2008 na 2009 tulikuwa zaidi ya 50,000, na wengi tulikuta mashamba ya baba zetu yana watu wengine. Kijana asiye na shamba atashika nini? Aidha, kuanzia Desemba 2007 hadi mwishoni mwa 2024 wanajeshi wetu walitumwa Somalia, na kila mtaa unaijua nyumba iliyojengwa kwa posho ya huko. Lakini kila mtaa unamjua pia mama aliyepokea jeneza. Mshahara ni haki yake. Hata hivyo, ukoo usimgeuze mtoto kuwa mradi.

Nanyi wafanyabiashara wa mipakani mnanielewa zaidi. Dada yangu huvuka Mugina kwenda Manyovu kufuata unga na sabuni. Anajua maana ya kusimamishwa kwenye kizuizi na mtu mwenye sare anayeuliza "chai" iko wapi. Je, siku ya sherehe alimwambia mwanawe, "Mwanangu, usimfanyie mama wa mwenzio hivyo"? Hakumwambia. Na mimi mwenye kipaza sauti sikumwambia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tuendelee kuwapigia vigelegele vijana wetu, wamevitolea jasho. Lakini kabla ya hotuba za nidhamu, mzee mmoja wa ukoo apewe dakika kumi aeleze alipitia nini mbele ya watu wenye silaha. Jirani wa kabila jingine naye apewe nafasi hiyo. Kisha pilau iliwe.

Kesho yake Jumapili, kabla kijana hajarudi kambini, nilimpeleka kwa bibi yake akiwa amevaa nguo za kawaida. Mama alimweleza habari za lile lori tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akamuuliza: "Mjukuu wangu, wakikutuma usiku kumchukua mtu, utauliza amefanya nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. Hakujibu haraka, nami sikumsaidia. Swali hilo lilistahili kuulizwa Jumamosi, mbele ya wageni wote. Sherehe nyingine zinakuja mitaani kwetu. Bibi apewe kiti cha mbele.