Mashine Haina Mikono

Kila mashine ya kupumulia inapokabidhiwa kwenye hospitali zetu, utepe hukatwa, picha hupigwa, na mgeni rasmi hutangaza kwamba maisha yataokolewa. Nimechoka na picha hizo. Namtafuta muuguzi ndani yake, naona viongozi na mashine.

Jirani yangu hapa Mtoni ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Tumepanga nyumba moja, nami namwita dada. Asubuhi moja nilimkuta uani anafua sare, macho mekundu. Nikampa pole ya kazi, nikamuuliza usiku ulikuwaje.

"Mdogo wangu, nilikuwa na watatu kwenye mashine, peke yangu. Huyu mpira umejaa makohozi, yule mashine yake inalia. Nikimkimbilia mmoja, mwingine namwachia Mungu."

Uingereza, mgonjwa aliye kwenye mashine hupangiwa muuguzi wake mmoja. Wala si anasa. Mwenye mpira kooni hawezi kukohoa, kumeza mate wala kusema anaumwa. Lazima mtu amvute makohozi, amsafishe kinywa, amwinue kichwa mate yasiingie mapafuni, amgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mashine kazi yake ni kusukuma hewa tu. Umeme ukikatika na jenereta likachelewa, kinachobaki ni mkono wa muuguzi unaobonyeza ambu bagi.

Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 27 kati ya 31 wa mwanzo waliolemewa pumzi walikufa. Daktari Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kupumuliwa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu, usiku na mchana, wakibonyeza mifuko ya hewa. Vifo vikapungua sana. Huduma ya wagonjwa mahututi tunayoijua leo ilianza hivyo, kwa mikono ya watu na zamu iliyojaa.

Sisi tumeanza na vifaa. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga na kuvipa vifaa vyumba vya wagonjwa mahututi. Sipingi, vilihitajika. Ninachouliza ni hiki: zamu ya usiku ina nani?

Wataniambia wauguzi hawapo. Wapo. Muhimbili wanafundisha hadi shahada ya umahiri ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Na mtaani kwetu yupo kijana mwenye stashahada ya uuguzi anayeendesha bodaboda, mwaka wa tatu sasa anasubiri ajira. Asubuhi humpeleka dada yangu kituoni, mmoja amechoka kwa kazi, mwingine kwa kukosa kazi.

Wataniambia mishahara haina bajeti. Basi mashine iliyonunuliwa bila bajeti ya mtu wa kuisimamia imenunuliwa nusu.

Kwa hiyo nadai jambo dogo. Siku ya kukabidhi mashine, kabla ya mkasi, isomwe orodha ya zamu: wauguzi wangapi, wamefunzwa wapi, usiku wanabaki wangapi. Orodha ikikosekana, utepe usikatwe. Na tukipoteza ndugu humo ndani, tusianze kwa kumlaumu muuguzi. Tuulize kwanza alikuwa na wagonjwa wangapi.