Wazee si Mapambo ya Mkutano

Kila tufanyapo mkutano katika viwanja vya Tanganyika Packers hapa Kawe, wazee huketishwa mbele. Hutajwa majina, hupigiwa makofi, huombwa watuombee dua. Mkutano ukiisha twawarudisha majumbani, wala hakuna awapigiaye hodi mpaka mkutano mwingine. Hiyo ndiyo heshima? La hasha! Huko ni kuwafanya mapambo.

Wako wasemao ati kumtunza mzee ni kazi ya watoto wake. Watoto hao wako wapi? Mmoja aondoka alfajiri kwenda Kariakoo, arudi usiku amechoka. Wajukuu wako shule. Mzee hushinda peke yake nyuma ya geti, hana wa kuzungumza naye, wala nauli ya kwenda kuwaona wenziwe Temeke. Twahubiriwa kuwa vijana wamekosa adabu. Mimi nasema ni ufukara. Mzee mwenye shilingi mfukoni hutoka, hunywa kahawa barazani, hubishana mpaka magharibi. Asiye nayo huona haya, akajifungia.

Wenzetu wa Zanzibar wameliona hilo. Tangu Aprili 2016 Serikali yao huwalipa Pencheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70, awe mtu alikuwa karani au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kidogo, sikatai, lakini ni haki, si sadaka. Huku Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Sera! Karatasi haimnunulii mtu kahawa.

Nawe kijana wa bodaboda, usicheke. Pensheni ya huku hulipwa aliyechangia katika mfuko. Wewe unachangia? Mama lishe anachangia? Mvuvi wa Kunduchi? Miaka 40 ijayo ninyi ndio mtakaokuwa nyuma ya geti, na pengine hata geti hamtakuwa nalo. Anayemdai mzee haki yake leo anawawekea akiba wanawe.

Tutaulizwa fedha zitoke wapi. Waulizwe Wazanzibari, ambao ni wachache kuliko sisi na mapato yao ni madogo kuliko yetu: wao walizitoa wapi?

Mkutano ujao wa tawi, ajenda ya kwanza iwe hii: pensheni kwa kila mzee wa Bara. Na safari hii wazee wasipigiwe makofi. Wapewe kipaza sauti, waseme wao kwanza, na viongozi waandike.