TULIZIMA MBIO SANA



Sisi wakapita wa internati tumeombwa tuandike neno juu ya filimu za Jumamosi jioni, sababu kelele imekuwa mingi. Wamoja wanasema zikatazwe, wengine wanasema ziongezwe, na wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema tu kwamba kapita anakaa mbele na kichwa chake ni kikubwa. Juu ya kichwa hatuna jibu. Juu ya filimu tunalo.

Ni zile filimu za kuchorwa za Wajapani. Ninyi munaziita manga, lakini si jina lake. Manga ni kitabu cha picha. Filimu inayotoka mule inaitwa anime. Kule Japani wanazitoa kwa misimu, kama sisi na mahindi. Januari, Aprili, Julai na Oktoba kundi jipya linaanza, na kila hadithi inatoa kipande kimoja kwa juma, dakika karibu 24, pamoja na wimbo wa kufungua na wimbo wa kufunga. Miezi mitatu inafanya vipande 12 ao 13. Halafu shamba linalimwa tena.

Msimu tuliopata sisi ni ule wa Oktoba 2023. Kwa Wajapani umekwisha kuwa wa zamani. Kwetu iko mpya, sababu mambo yanafika hapa kwa miguu. Hatuoni haya. Hadithi haiozi kama samaki.

Bon, tuseme sasa kosa letu, maana njo limetufanya tuandike.

Mwaka jana, mbele ya likizo ya Paska, mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alileta kadi ya telefone yenye hadithi za msimu ule. Ni kijana asiyesema mengi, mwenye kukaa pembeni hata wakati wa kula. Akaomba tuanze na ile inaitwa Frieren. Juma lililotangulia tulikuwa tumeonyesha Jujutsu Kaisen, mule mtaa wa Shibuya mjini Tokyo unavunjwa usiku mmoja mpaka hakuna ukuta unaobaki. Tusidanganyane: hata sisi wakapita tulipanda juu ya benchi. Basi watu walikuja wakiwa na njaa ya ngumi. Na Frieren inaanza ginsi gani? Watu wanne wako juu ya gari la farasi, wanarudi nyumbani. Wamekwisha kumushinda mfalme wa mashetani. Safari ya miaka kumi imekwisha. Mfalme wa inchi anawapokea, watu wanafanya karamu, wanatazama nyota za kuanguka. Dakika zinapita, hakuna hata kofi moja. Halafu miaka 50 inaruka, na yule shujaa Himmel anatokea akiwa muzee mufupi mwenye upara. Dortuari nzima ikacheka: “Babu! Vita iko wapi?” Mmoja akapiga mluzi, wengine wakafuata. Tukazima. Tukaweka kitu kingine. Yule kijana akachukua kiti chake, akaenda kukaa nyuma.

Wakati wa likizo tuliiangalia tena, sisi watatu, kwa telefone moja. Kumbe tulikuwa tumezima dakika chache tu mbele ya jambo lenyewe.

Frieren haiko mtu kama sisi. Ni wa jamii ambayo haizeeki upesi, ameishi zaidi ya miaka 1000. Miaka kumi aliyotembea na wenzake, kwake yeye ni kama juma moja la masomo. Ndiyo sababu baada ya karamu anaaga tu na kwenda zake, na anarudi baada ya miaka 50 kama mtu aliyetoka sokoni. Wanatembea tena pamoja kwenda kutazama nyota zile. Halafu Himmel anakufa. Ku mazishi watu wananong'ona: mbona huyu halii? Na pale, mbele ya kaburi, machozi yanamushika. Alijua kwamba maisha ya watu ni mafupi. Alitembea na huyu mutu miaka kumi na hakujitahidi kumujua.

Filimu zingine zote zinaishia pale hii inaanzia. Njo werevu wake. Tena haina haraka. Frieren anakwenda kumutembelea Heiter, yule padri mwenzao, na anakuta amezeeka na kwamba analea yatima mmoja wa vita, jina lake Fern. Heiter anamudanganya kwa upole ili akae na kumufundisha mtoto, na miaka zaidi ya minne inapita. (Huyu Heiter anapenda pombe kupita kiasi. Hilo hatulitetei.)

Hapa tunawajibu waalimu wawili waliotuuliza juu ya uchawi, na tunawajibu kwa heshima, maana swali lao si la bure. Maandishi ya chini iko kwa Kifaransa, na Frieren anaitwa magicienne. Usiku ule mtu mmoja alimutafsiria Mama wa jikoni: mulozi. Mama akasimama, akachukua sufuria zake, akaenda. Alifanya vizuri, maana kwa lugha yetu mulozi ni mtu wa kuua majirani usiku, na hakuna mama atakayekaa kumutazama mtu kama huyo. Lakini mambo ya Frieren si yale. Kwa hadithi ile ni elimu ya vitabu: watu wanajifunza, wanashindwa, wanafanya mutihani kama sisi. Na yeye anapenda kukusanya vile visivyo na faida, kama kile cha kuotesha maua uwanjani. Anakipenda sababu Himmel alikipenda. Neno moja baya la kutafsiri lilitukosesha Mama mzima. Tuombe wanaotafsiri kwa sauti wafikiri kwanza, ao wanyamaze.

Hadithi ya pili ya msimu ule njo tunaisifu mbele ya wasichana, na mbele ya mwalimu wa kemia. Kwa Kifaransa inaitwa Les Carnets de l'apothicaire. Maomao ni binti wa miaka 17, amelelewa na mtengeneza dawa. Anashikwa njiani na kuuzwa, anakuwa mutumishi wa kufua ndani ya nyumba ya wake za mfalme, katika inchi ya kubuniwa inayofanana na China ya zamani. Watoto wachanga wa mfalme wanakufa mmoja mmoja. Watu wanasema ni laana. Maomao anatazama uso wa mama mmoja, mweupe kupita kiasi, na anaelewa: ile poda nyeupe ya kujipaka ina risasi, na risasi ni sumu. Anapasua kipande cha nguo yake, anaandika onyo, analifunga ku tawi la maua bila kutia jina. Mke mmoja anasikia, mtoto wake anapona. Mwingine hasikii, na mtoto wake anakufa.

Hatukupiga kelele usiku tulipoangalia hii. Kila mtu hapa anajua dada, ao shangazi, ao mama mwenyewe, mwenye kopo la mafuta ya kujichubua. Yale si risasi, lakini baadhi yake yana zebaki, na zebaki nayo ni sumu inayoingia kupitia ngozi na kufika mpaka figo. Mwalimu wa kemia amefundisha jambo hili mara nyingi na tukasinzia. Maomao alilisema kwa dakika 24 na asubuhi wasichana wawili walitupa makopo yao nyuma ya dortuari. Tuliyaona, msikane. Tena kuna jambo lingine zuri mule: anajulikana si kwa sura yake, ni kwa sababu anajua kusoma. Bwana mukubwa anawajaribu watumishi wote kwa maandishi, na yeye tu njo anageuka.

Pluto haikuonyeshwa mbele ya watu wote, na tunaeleza sababu. Ilitoka tarehe 26 Oktoba 2023, vipande vinane tu, lakini kila kimoja ni karibu saa nzima. Imetoka ku kitabu cha Naoki Urasawa, naye alichukua hadithi moja ya Osamu Tezuka ya miaka ya 1964 na 1965. Tezuka njo muzee aliyeleta Tetsuwan Atom ku televizyo ya Japani tarehe 1 Januari 1963, na wengi wanamuheshimu kama sisi tunavyomuheshimu mtu aliyejenga darasa la kwanza.

Mu kipande cha kwanza kuna roboti mmoja, North No. 2. Alikuwa wa vita. Chini ya joho lake mikono yake ni silaha. Sasa ni mutumishi wa muzee kipofu mwenye kutunga nyimbo, na anachoomba ni kimoja: afundishwe piano, sababu hataki kurudi vitani. Muzee anamukatalia kwa matusi. Mashini haiwezi kucheza muziki, anasema. Roboti haondoki. Mwisho wake hatuutaji. Tulikuwa watu sita wa mwaka wa mwisho, na wawili kati yetu walifika ku masomo haya na godoro kichwani, wakikimbia vita. Hakuna aliyepiga mluzi. Mmoja alitoka nje mbele ya mwisho na tukamuacha atoke. Kwa hiyo tunasema: Pluto kwa wakubwa, na kwa mwenye kutaka mwenyewe. Kwa wadogo, hapana.

Spy x Family, msimu wake wa pili, inachekesha, na wadogo wanaipenda kwa ajili ya mtoto Anya. Hatuna mengi ya kusema.

Sasa hoja yetu. Mpaka leo desturi ya Jumamosi ni hii: kipande kimoja, halafu mikono inainuliwa, wengi wakikataa hadithi inatupwa. Na kama mlivyosikia, mara ingine hata kipande hakikwishi. Tunataka desturi hii ibadilike. Vipande vitatu kwanza, halafu mikono.

Msiseme ni wakapita wanajitafutia. Angalieni Wajapani wenyewe. Tarehe 29 Septemba 2023 televizyo ya Nippon TV haikuonyesha kipande kimoja cha Frieren. Ilionyesha vinne pamoja, saa mbili, pale wanapowekaka filimu ya Ijumaa. Na Maomao, Oktoba ileile, walianza na vitatu usiku mmoja. Wenye mali yenyewe waliogopa kwamba mtu akiona kidogo tu atazima. Walikuwa na haki ya kuogopa. Hawakutujua, lakini walituwaza.

Mtatuuliza wakati utatoka wapi, na Exetat iko mbele ya wafinalisti. Tumehesabu. Vipande vitatu ni dakika 72. Tukiruka nyimbo ni 63. Tunaanza saa moja jioni, mbele ya saa mbili na nusu kila mtu iko kitandani, na jenereta haimezi mafuta zaidi ya sasa. Wengine watasema kuna hadithi ambazo hata dakika tano ni nyingi. Kweli. Ile ya kijana anayegongwa na lori na kuamka dunia ingine akiwa mwenye nguvu kupita wote, msimu wowote iko, na zote zinafanana kama sare zetu. Hizo tutazizima sisi wenyewe na hatutaomba musamaha.

Na tusisahau kwamba hizi picha zinachorwa na watu. Jujutsu Kaisen ileile tunayoipenda, baadhi ya wachoraji wake walilalamika mbele ya watu wote mwisho wa 2023 kwamba wakati waliopewa haukutosha. Mtu anakesha juu ya kofi moja la sekunde tatu, na sisi tunapiga mluzi.

Yule kijana wa mwaka wa pili hakurudi baada ya Paska. Wamoja wanasema familia yake imehama, wengine wanasema ni feza ya masomo. Sisi wakapita, tuliolala naye dortuari moja karibu miaka miwili, hatukujua hata kumuuliza mwalimu gani alikotoka. Kadi yake iko ndani ya sanduku letu la funguo. Mwenye kujua alipo amwambie tunaitunza, na kwamba Frieren inaanzishwa tena Jumamosi hii, saa moja jioni, mu chumba cha kulia: kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mwenye kutaka kupiga mluzi abaki dortuari. Mama wa jikoni tulimueleza upya, pole pole. Amesema atakuja, lakini atakaa karibu na mlango.

Wakapita wa internati, mwaka wa mwisho