Wananchi waamue, wasiitwe kupiga makofi

JICHO LA KIJIJI
Na Kulwa Masanja

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga aliukuta mkoa unaelekea kuwa jangwa. Aliyeijua Usukuma ya miaka ile hahitaji kusimuliwa: makorongo yaliyochimbwa na mvua, ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika wakikwangua ardhi tupu, na akina mama wakitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa la utosi, na vijiti visivyotosha kuivisha maharage. Miaka miwili baadaye Serikali, kwa msaada wa Norway, ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI. Wakati huo ngitili, yaani hifadhi za malisho za kienyeji, zilizokuwa zimeorodheshwa mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia tamati mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Siku hizi hakuna andiko la mradi lisilotaja ushirikishwaji wa jamii. Limekuwa neno la lazima, bila hilo fedha hazitoki. Kwa hiyo ni vyema tukajikumbusha jamii ilifanya nini hasa pale Shinyanga, maana naona tunachokiita ushirikishwaji leo kina uhusiano mdogo sana na kilichofanyika kule.

Kwanza tujiulize jangwa lile lililetwa na nani. Wafugaji wamelaumiwa kwa miaka mingi kwamba mifugo yao ndiyo iliyomaliza nchi, na kweli mifugo ilikuwa mingi. Lakini tangu enzi za Mwingereza vichaka na misitu vilifyekwa kwa amri ili kummaliza mbung'o. Kisha pamba ikahimizwa, mashamba yakapanuka, miti ikaondoka tena. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: familia zikahamishwa kutoka kwenye maboma yao, na ngitili walizokuwa wakizitunza zikabaki bila mwenyewe. Kila uamuzi ulikuwa na sababu ya maana. Malale yalikuwa yanaua, nchi ilihitaji fedha za kigeni, watoto walihitaji shule na zahanati karibu. Ila kila mara uamuzi ulishuka kutoka juu, na mzee aliyejua bonde lipi hubaki na majani mwezi wa Septemba hakuulizwa.

Kwa msomaji asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Majani hurefuka, migunga huchipua kwenye visiki vyake vya zamani, na kiangazi kikikaza eneo hufunguliwa kidogo kidogo, upande huu umalizike kwanza ndipo upande ule ufunguliwe. Halina ukuta wala waya. Ukipita mwezi wa Machi utauona mpaka kwa macho: huku majani yameguguniwa hadi kwenye udongo, pale hatua moja mbele yanafika magotini. Kinachomzuia ng'ombe ni mchungaji wa miaka kumi na miwili anayejua kwamba akiuvuka mpaka ule baba yake ataitwa.

Wataalamu wa HASHI mwanzoni walianza kama miradi mingine ilivyoanza, kwa vitalu vya miche na kampeni za kupanda miti. Baadaye waligeukia kile ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari. Badala ya kuleta mti mpya, waliwasaidia watu kuirudisha ngitili. Na hapo kazi ikaenda kwa wenyewe. Sheria za ngitili zilijadiliwa kwenye dagashida, baraza la kimila la Wasukuma. Ulinzi ukabaki kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Ng'ombe akikamatwa ndani ya eneo lililofungwa, mwenye ng'ombe hakupandishwa basi kwenda mahakama ya mjini kungoja tarehe. Alikaa mbele ya majirani zake, watu atakaowahitaji siku ya msiba, akaambiwa kosa lake na faini yake. Mipaka, adhabu na siku ya kufungua vyote viliamuliwa na watu walewale ambao ng'ombe wao wangelala njaa wakikosea.

Mwaka 2005 ilitoka ripoti ya watafiti walioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walihesabu kuni, malisho, dawa, asali, nguzo, nyasi za kuezekea na vinginevyo, wakakuta kwamba faida ya ngitili ni takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa vijijini Tanzania yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Mwanamke wa kijijini alipunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni.

Hizo saa nataka tuzitazame vizuri. Pale kuni zilipokwisha, wanawake wa Usukuma walipikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Moshi wake unauma. Ukiinamia moshi ule miaka thelathini, arobaini, macho yanakuwa mekundu. Na sote tunajua, ingawa hatupendi kulisema, bibi mwenye macho mekundu alifikiriwa nini katika nchi hii. Ajuza wameuawa kwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao, kwa tuhuma za uchawi ambazo ushahidi wake ulikuwa moshi wa jikoni. Uhaba wa kuni, umaskini wa kaya na mauaji ya vikongwe vilikaa chini ya paa moja. Wizarani kila kimoja kina idara yake. Kijijini mama huyohuyo mmoja anavibeba vyote, ndiyo maana mpango unaoanza kwa kumsikiliza yeye hugusa mambo ambayo mtaalamu hakuwa ameyaandika kwenye andiko lake.

Sasa linganisha na mkutano ambao nimeuona mara nyingi, katika wilaya mbalimbali, na ambao msomaji wangu wa kijijini ameuona mara nyingi kuliko mimi. Watu wamengoja chini ya mwembe tangu saa tatu. Gari la wilaya linafika saa saba. Wanaume wako mbele kwenye mabenchi ya shule, akina mama nyuma wamekaa juu ya khanga, watoto migongoni. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa kabla mtu hajasema neno. Mtaalamu anasoma mradi wa kisima. Mama mmoja ananyoosha mkono, anauliza kwa nini kisima kichimbwe pale juu wakati kiangazi maji huonekana kule bondeni, na kule juu ni mbali kwa wanaokaa kitongoji cha pili. Anajibiwa kwa upole kwamba hoja yake ni nzuri, ila eneo limeshapimwa na bajeti imeshapitishwa. Makofi yanapigwa. Gari linaondoka. Muhtasari unasema wananchi wameshirikishwa na wameridhia.

Pampu ikiharibika mwaka wa pili, kijiji kizima kinaiita pampu ya wilaya, na nani atawalaumu? Nchi hii iliwahi kuhesabu vituo vyake vya maji vijijini na kukuta zaidi ya theluthi moja havitoi maji. Baadhi vilikauka, baadhi vilijengwa vibaya. Lakini kuna vingi vilivyokufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejiona ana wajibu wa kukinunua wala aliyekuwa na madaraka ya kukusanya fedha za kukinunulia.

Tunaita jamii kwa wepisi mkubwa panapohitajika jasho. Nenda kijiji chochote utakuta boma la darasa lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi, mchanga wao, maji yao, tofali zao, limefika kwenye lenta likasimama likingoja bati za Serikali. Mengine yamengoja hadi kuta zimeota majani. Watu hawakukataa kuchangia. Kinachowakatisha tamaa ni kwamba jasho lao linahitajika mwanzoni, na fedha zinapofika, maamuzi ya nani anunue bati, kwa bei gani, kwa fundi yupi, yanafanyika mahali ambapo wao hawapo.

Kwingineko, huko Babati, wananchi waliwahi kukataa, na kukataa kwao kukawafundisha watunga sheria. Msitu wa Duru-Haitemba, kama hekta 9,000 za miombo, ulikuwa katika mpango wa kufanywa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji waliposikia msitu unachukuliwa, baadhi waliingia kukata haraka kabla haujaondoka mikononi mwao, na walinzi wa Serikali hawakuweza kuuzuia uharibifu. Baada ya malumbano, mwaka 1994 na 1995, vijiji vinane vinavyouzunguka vilipewa kuusimamia vyenyewe. Kila kijiji kilichora mpaka wake, kikatunga sheria zake ndogo, kikateua vijana wa doria. Uchomaji mkaa na ukataji holela ukapungua mno, kwa watu walewale ambao jana walikuwa wanaitwa waharibifu. Uzoefu huo ni miongoni mwa mambo yaliyochangia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake. Kwa sheria hiyo vijiji vya Kilwa viliweza kuuza mpingo vyenyewe, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Jamii inashiriki pale tu inapoweza kusema hapana na hapana yake ikahesabika, na pale inaposhika fedha na adhabu. Bila hayo matatu tunafanya mahudhurio. Wala sidai jambo jipya. Katiba ya 1977, ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya mwaka 1982 inautambua mkutano wa kijiji, wa watu wazima wote, kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji. Madaraka yapo kwenye karatasi. Yanakwama njiani kwa sababu mpango wa kijiji ukipelekwa wilayani hurudi umebadilishwa bila maelezo, au haurudi kabisa, na baada ya miaka mitatu ya namna hiyo watu wenye busara huacha kuhudhuria. Kisha tunawaita wazembe.

Atakuwepo wa kuniambia kwamba jamii nayo si malaika. Ni kweli, na Usukuma ndiko ushahidi wake ulipo. Sungusungu haohao waliolinda ngitili na kukomesha wizi wa ng'ombe wamepiga watu, wamefukuza watu vijijini, na wamekaa kimya bibi wa jirani alipouawa. Dagashida lilikuwa baraza la wanaume. Na ngitili zenyewe hazikugawanyika sawa: mwenye ng'ombe wengi alijitengea eneo kubwa, mwenye mbuzi watatu akabaki kuomba ruhusa ya kuokota kuni. Ukisema jamii iamue bila kuuliza ni nani ndani ya jamii anayeamua, unaweza kumkabidhi mnyonge kwa jirani yake mwenye nguvu.

Dawa ya hilo si kuyarudisha maamuzi wilayani. Wilayani nako wenye nguvu wapo, tena wanakaa mbali zaidi na macho ya watu. Kinachotakiwa ni sheria ya nchi isimame mlangoni mwa baraza la kijiji: pasiwe na adhabu ya viboko, pasiwe na hukumu ya ushirikina, mwanamke ahesabiwe katika maamuzi na si kwenye mahudhurio tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka viti vya wanawake katika Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu kati ya wajumbe saba. Ni mwanzo mzuri. Nimeona mabaraza ambayo wanawake hao hupewa taarifa baada ya kikao, nimeona na mengine ambayo ndio wanaouliza maswali magumu. Tofauti kubwa niliyoiona ni kama mkutano ulipangwa saa ambayo mama anaweza kuja, au saa ambayo yuko kisimani.

Kuna jambo moja la kufanya sasa hivi huko Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora. Ngitili nyingi zinaishi kwa kauli. Wazee walioweka mipaka wanafariki, wana wanagawana, ardhi inapanda bei, shamba la mpunga linamega upande huu na tanuri la mkaa upande ule. HASHI haipo tena, na hakuna gari litakalokuja kuzitetea. Halmashauri ziziingize ngitili za vijiji kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi na kuzipa nguvu ya sheria ndogo, na kaya zenye ngitili zao zipewe hati za hakimiliki za kimila zenye majina ya mume na mke. Gharama ya kupima iingizwe kwenye bajeti ya wilaya inayoandaliwa. Na mipaka ipimwe wakati wa mvua, ng'ombe wakiwa nje, wanakijiji wote wakiwepo kuonyesha kona kwa kona, wakiwemo wale wenye mbuzi watatu.