Fulana, Sabuni na Picha ya Pamoja

Kujitolea kwa vijana wa makanisani, kama kunavyoeleweka na wengi nchini Tanzania, ni kazi ya siku moja. Siku hiyo huangukia Kwaresima au karibu na Krismasi. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, michango huingia kwa simu, fulana za rangi moja huchapishwa, na Jumamosi asubuhi Coaster hupakiwa katoni za sabuni, sukari, unga wa sembe na mafuta ya kula kuelekea kituo cha kulelea yatima. Huko risala husomwa, watoto huimba, mlezi hushukuru, picha ya pamoja hupigwa. Saa kumi jioni wageni wako njiani kurudi. Anayehoji hujibiwa kwa methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Methali hiyo inahusu kutoa kitu, na kwa kitu haina kosa. Kosa huanza inapohamishiwa kwenye kujitolea, ambako kinachotolewa ni mtu mwenyewe: saa zake, miguu yake, hata damu yake. Imani kwamba moyo mwema unatosha, na kwamba utaratibu ni mambo ya maofisini, ndiyo inayomaliza nguvu za vijana wengi kwa siku moja.

Kituo cha watoto ndicho kinachoumia kwanza. Mtoto wa miaka minne hupakatwa na mgeni asubuhi, na jioni mgeni hayupo. Jumamosi nyingine huja wengine. Baada ya muda mtoto huyo humrukia yeyote anayeshuka kwenye gari. Wageni huona upendo, wakati wataalamu wa malezi huona dalili ya mtoto aliyekosa mtu mmoja wa kudumu. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo inayotaka familia itangulizwe na kituo kiwe njia ya mwisho. Desemba 2019 likaonya waziwazi juu ya madhara ya shughuli za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Hata jina yatima mara nyingi si sahihi, kwa kuwa wengi wa watoto walioko vituoni duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na umaskini ndio uliowapeleka huko. Katoni zilezile zingemfikia bibi anayelea wajukuu watatu mtaa wa pili kutoka kanisani, huenda mmoja wao asingehitaji kituo. Tatizo ni kwamba ua wa bibi hautoshi kupigia picha watu hamsini.

Uchangiaji damu huonyesha kwa hesabu upungufu wa kazi ya siku moja. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na makanisa mengi huuunga mkono kwa kuchangia damu wakati wa Pasaka. Chupa moja, takriban mililita 450, ikikaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea dawa ya kuihifadhi iliyomo kwenye mfuko wa damu. Chembe sahani hudumu siku 5 hivi. Damu ya Pasaka, hata ikijaza majokofu, imetumika au imeharibika kabla ya Julai. Mama atakayevuja damu baada ya kujifungua Agosti hakutani nayo, na ndugu zake wataanza kupiga simu huku na huko wakitafuta wa kumchangia. Mwanaume mwenye afya huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwaya ya vijana 40 wenye umri na uzito unaotakiwa, nusu wanaume nusu wanawake, hutoa chupa 40 kwa siku moja ya Pasaka. Wakipangwa kwa zamu, haohao wangetoa hadi chupa 140 kwa mwaka, yaani 11 au 12 kila mwezi. Tena mchangiaji wa kila mara hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende kila anaporudi, hivyo damu yake ndiyo salama zaidi.

Watetezi wa siku moja humkimbilia Msamaria Mwema. Hadithi hiyo huhubiriwa kama habari ya huruma ya ghafla barabarani, na nusu yake ya pili hurukwa: mtu huyo alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi. Matendo ya Mitume sura ya 6 ni wazi kuliko hapo. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume hawakujibu kwa mahubiri juu ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kuisimamia kazi hiyo. Stefano, anayekumbukwa kama shahidi wa imani, alianza kutajwa kama mmoja wa wasimamizi wa mgawo wa chakula.

Pingamizi zito zaidi hutoka mtaani. Neno kujitolea limepata maana ya pili: mhitimu wa ualimu au uuguzi anayefanya kazi bila mshahara, akisubiri ajira zitangazwe. Aliyepitia miaka miwili ya namna hiyo ana haki ya kushtuka kanisa linapomwambia ajitolee tena, na anayemwita mvivu hajamsikiliza. Kinachoweza kuombwa kwa haki ni saa mbili kwa wiki, nauli ikirudishwa, kazi ikiwa na mwisho unaojulikana. Kijana huyo naye hupata chake: kumsikiliza mgonjwa, kuzungumza na ofisi ya serikali ya mtaa, na barua ya paroko au mchungaji inayosema jambo alilolifanya kweli.

Muundo wa kubeba kazi hiyo haukosekani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo tangu miaka ya 1970, na makanisa mengine nayo yana jumuiya zao za nyumba chache za jirani. Hapo hujulikana nani amelala kitandani kwa mwezi wa tatu sasa na mtoto yupi wa darasa la nne hajui kusoma. Kinachokosekana ni zamu: nani Jumanne kwa mzee aliyepooza, nani Alhamisi na mtoto, nani ashike nafasi ya mwenzake akiugua. Kaunta buku moja linatosha, mradi likae kwa katibu wa jumuiya. Likikaa kwa mwenyekiti wa vijana litaondoka naye akipata chuo.