Utabiri au Makadirio? Neno Moja na Wagonjwa wa Moyo

Hapa Machakos, mtu wa miaka arobaini akianguka ghafla akafa, waombolezaji hugawanyika: hawa husema ni presha, wale husema karogwa. Ni wachache watakaotaja kuziba kwa ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Madaktari huuhesabu ugonjwa huo kuwa umekuja mapema ukimpata mwanamume kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya miaka 65.

Mafuta hujilimbikiza katika kuta za ateri kwa miaka mingi. Utando wake ukipasuka, chembe ndogo mno za damu hukimbilia hapo na kushikamana, kama zifanyavyo kidole kikikatwa, na bonge likaziba njia. Mwitalia Giulio Bizzozero alizieleza mwaka 1882. Wengine huziita chembe sahani kwa umbo lake. Mimi nachagua vigandishadamu, maana kazi humwambia mgonjwa mengi kuliko umbo. Aspirini hufanya kazi kwa kuzipunguza makali. Mwaka 1988, utafiti uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 walioshukiwa kupatwa na mshtuko wa moyo ulionyesha kuwa dawa hiyo duni kwa bei ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika majuma matano ya kwanza.

Siku hizi mashine ya kuhesabu damu hutoa pia wastani wa ukubwa wa chembe hizo. Zilizo kubwa huwa na nguvu zaidi ya kugandisha, na tafiti kadhaa zimeona kwamba wagonjwa wenye wastani mkubwa baada ya mshtuko huelekea kuwa na hali mbaya zaidi. Lakini chembe hizi huvimba zikikaa katika chupa ya maabara. Damu iliyotolewa Masinga asubuhi na kupimwa mjini alasiri si sawa na iliyopimwa papo hapo. Isitoshe, wastani wa maelfu haumhukumu mtu mmoja.

Hapa ndipo mimi, mtu wa isimu, ninapoingilia. Nimesikia matokeo hayo yakiitwa "utabiri". Hilo ni neno zito Ukambani, ambako Syokimau hukumbukwa kwa kutabiri reli; na reli ikaja, hakuna aliyeizuia. Mgonjwa aliyetabiriwa atauza ng'ombe, agawe shamba, aketi kungoja. Aliyepewa makadirio, je? Makadirio hubadilika: ataacha sigara, atashusha shinikizo la damu, atameza dawa bila kukatiza, kisha atapimwa tena.

Kwa hiyo naiomba idara ya afya ya kaunti jambo dogo. Karatasi ya maabara ije na maelezo mafupi, kwa Kiswahili na Kikamba, yanayosema kipimo hiki ni nini, damu ilitolewa saa ngapi, na mgonjwa arudi lini.